Kielezi cha Mhojiwa wa Tisa

Naanza kwa kujisifu, maana wengine wakinisifu hunipunja. Katika mji huu wa Morogoro, kuanzia stendi hadi chuo kikuu, hakuna mtu anayejua mahali pa kuweka kielezi katika sentensi ya Kiingereza ya kutendwa kama ninavyojua mimi. Wapo wenye shahada kubwa kuliko yangu. Wapo waliosoma Ulaya wakarudi na makoti ambayo joto la hapa halijawaruhusu kuyavaa hata siku moja. Lakini wakishamaliza kuandika, wao au wanafunzi wao, kazi inaletwa kwenye chumba changu nyuma ya duka la vitambaa, na mimi ndiye ninayeshika kalamu.

Kalamu yangu ni ya kijani. Nyekundu niliiacha shuleni, nilikofundisha Kiingereza miaka kumi na minne kabla ya kuchoshwa na vikao. Nyekundu inamtisha mtu ambaye msimamizi wake ameshamtisha vya kutosha. Chumba chenyewe kina meza, viti viwili, printa inayokohoa, na dirisha linalotazama mlima. Wanafunzi huja na tasnifu zao, wananiamkia, wanakaa kwenye ukingo wa kiti utadhani wanasubiri kuchomwa sindano. Nawaambia waache karatasi waende zao. Sipendi mtu akinitazama nikisoma.

Asiyeijua kazi hii huniuliza kielezi ni kitu gani hata kimpe mtu mkate wake wa kila siku. Ngoja nieleze. Huko chuoni wanafunzi wamekatazwa kuandika "mimi". Mtu amepanda mlima kwa miguu yake, amenyeshewa, amekula ugali na wakulima, lakini akirudi kuandika, hayupo. Data zilikusanywa. Wakulima walihojiwa. Mashamba yalitembelewa. Yalitembelewa na nani? Haisemwi. Sasa mtu aliyefutwa namna hiyo hutafuta pa kuingilia, na mlango pekee uliobaki wazi ni kielezi. Hawezi kusema alijitahidi, basi anasema data zilikusanywa kwa uangalifu, carefully. Wahojiwa walichaguliwa bila upendeleo, randomly. Majibu yalichambuliwa kwa kina, thoroughly. Ukisoma tasnifu kumi mfululizo utadhani nchi hii haina mzembe hata mmoja.

Na wanapokosea ni mahali pa kukiweka. Sisi kwa Kiswahili namna ya kutenda tunaiacha mwishoni, tukishamtaja mtendaji: matuta yalitengenezwa na wanawake kwa uangalifu. Mwanafunzi anauhamisha mpangilio huo mzimamzima, kielezi kinabaki huko mkiani, mbali na kitendo chake. Kiingereza hupenda kielezi kijibane katikati, baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi chenyewe: were carefully made. Huwa nawaambia kwamba kielezi ni shemeji kwenye picha ya harusi. Bwana harusi yupo, bibi harusi yupo, na shemeji lazima ajipenyeze katikati yao, tena anatabasamu kuliko wenyewe. Wanacheka, na hawasahau tena. Vielezi vya jana na juzi havina papara hiyo, vinakaa mwishoni kwa utulivu. Vile vya kiasi, kama greatly, yaani sana, ukivitoa katikati sentensi inachechemea. Haya nayajua nikiwa nimefumba macho, na nikiyasema naona raha, sitaki kudanganya.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake alikuja siku moja mvua za vuli zikinukia. Alikuwa mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kimo chake. Kwao ni Dumila, ambako mama yake ana meza ya nyanya na vitunguu kandokando ya barabara ya Dodoma.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Unaitaka lini?"

"Ijumaa ijayo, Madam. Nikichelewa hapo sitaingia kwenye orodha ya mahafali."

Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kwamba mama yake na wanawake wenzake wa pale mezani wameshashona sare ya kitenge. Wanawake kumi na mmoja. Wengine hawajawahi kukanyaga chuo hata kwa kupita. Aliyasema hayo akitazama sakafu, na nikaelewa kwamba mahafali hayo hayakuwa yake peke yake. Akikosa mwaka huo, kitenge kingekuwa kimeshashonwa bure na Dumila nzima ingeuliza kwa nini.

Tasnifu yake ilihusu matuta ya ngazi katika Milima ya Uluguru, kwa nini mengine yanatunzwa na mengine yanaachwa yabomoke. Niliisoma Jumatatu, na nakiri nilifurahi. Kila kielezi kilikuwa mahali pake. Kila shemeji katikati ya maharusi. Wahojiwa walikaribishwa hivi, waliulizwa vile, matuta hutunzwa mara kwa mara na familia nzima, yote kwa Kiingereza kisicho na kovu. Kufikia ukurasa wa ishirini kalamu yangu ya kijani ilikuwa bado haijafunguliwa, nikajisemea kwamba huyu sasa nitamwuliza kama anataka kazi.

Ndipo nikafika kwenye jina la kijiji. Kilikuwa chetu, huko juu ya Matombo nilikozaliwa. Nikatabasamu, nikavuta kiti karibu na meza. Wahojiwa thelathini, iliandikwa, walihojiwa mmoja mmoja mashambani mwao, individually, tena kwa siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi. Tarehe zilikuwepo. Nikazisoma mara moja, nikazisoma tena, nikaweka kalamu mezani.

Siku hizo tatu mimi nilikuwa kijijini. Tulikuwa tunamzika mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo akifa mjomba wa namna ile hakuna anayebaki nyumbani wala anayeshika jembe. Kijiji kizima kilikuwa uani kwa marehemu, wanaume nje kwenye magogo, wanawake ndani na nyuma ya nyumba. Mimi nililala kwenye mkeka na akina mama usiku nne. Mama yangu naye alikuwa hapohapo, tulijifunika khanga moja, ndiyo maana sikuona haja ya kupanda hadi nyumbani kwake, ambako ni mwendo wa saa nzima mlimani kwa miguu yangu hii ya mjini. Siku ya tano nikarudi Morogoro kwa sababu wateja walikuwa wananipigia simu.

Basi hao wahojiwa thelathini walihojiwa mashambani na nani, siku ambayo mashamba yalikuwa matupu? Kiingereza kilikuwa safi na habari ilikuwa uongo mtupu. Nilipandwa na hasira ya ajabu. Nikampigia simu nikamwambia aje mara moja.

Alifika akihema.

"Kaa," nilimwambia. "Kaa vizuri. Jumatano hiyo uliyoiandika ulikuwa wapi?"

"Kijijini, Madam."

"Shambani kwa nani?"

Akainamia sakafu.

"Nakuuliza kwa sababu Jumatano hiyo na mimi nilikuwa kijijini, namzika mjomba wangu. Viumbe waliokuwa shambani siku ile ni nyani tu. Labda uliwahoji wao."

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliinua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Nilikuwepo, Madam. Nilikuwa nyuma ya nyumba, namenya ndizi."

Akanisimulia. Alifika asubuhi ya Jumanne kwa bodaboda kutoka Matombo, begini ana madodoso thelathini na peni mbili za akiba. Akakuta watu wamejaa uani. Kabla hajajieleza mama mmoja alimpa kisu na kumwonyesha pa kukaa, maana msiba hauna kadi ya mwaliko na mwenye mikono miwili haulizwi ametoka wapi. Akamenya ndizi. Akaosha sufuria. Usiku akalala kwenye mikeka pamoja nasi, labda hatua chache kutoka nilipolala mimi, na kila mtu alidhani ni ndugu wa mtu mwingine.

"Ningetoaje dodoso, Madam? Watu wana kilio, niwaulize tuta lako lina upana gani?"

"Na siku ya nne?"

"Siku ya nne nilitakiwa chuoni. Nikarudi hosteli. Nikayajaza mwenyewe."

Matusi niliyokuwa nimeyaandaa nikayaacha. Mtoto yeyote aliyelelewa angefanya alichofanya kule msibani. Mimi mwenyewe nikimwona mtu anatoa karatasi mbele ya wafiwa na kuanza kuwauliza habari za udongo, ningemtoa kwa ufagio. Lakini hayo ya hosteli yalikuwa mengine kabisa.

"Sikiliza," nilisema. "Ulichofanya kijijini ni adabu. Ulichofanya hosteli ni uongo. Usivichanganye ukaniletea kwenye sahani moja."

"Msimamizi amesoma rasimu, Madam, hajaona kitu. Na wewe..." Akasita. "Wewe unasahihisha Kiingereza tu."

Alikuwa na haki kusema hivyo, na ndiyo maana iliniuma. Ni randomly ngapi zimepita chini ya kalamu yangu huku najua kabisa kwamba huyo kijana aliwahoji majirani wa shangazi yake? Sijawahi kumwuliza mtu hata mmoja. Niliangalia kielezi kimekaa wapi, sikuangalia kama ni cha kweli. Safari hii nilijali kwa sababu tu waliowekewa maneno mdomoni walikuwa watu wangu. Si sababu tukufu sana, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Nikamwambia nisingeigusa kazi ile. Aende kwa msimamizi wake, amweleze yote, msiba na hosteli, kabla rasimu haijakabidhiwa rasmi. Hapo ndipo alipolia. Alilia kimya, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na kila alipotaka kusema neno likawa moja tu, sare. Nilimpa maji. Nilimwonea huruma kweli, lakini sikurudi nyuma, na sijutii mpaka leo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ingeishia mbele ya wanawake kumi na mmoja wa Dumila.

Alirudi kesho yake mchana, macho yamevimba, lakini mgongo umenyooka.

"Amenipa wiki tatu, Madam. Amesema ningekuwa nimeshakabidhi, asingekuwa na la kunisaidia. Nikikosa hizo wiki tatu, ni mwaka kesho."

"Basi unafanya nini hapa? Nenda mlimani."

Nilimwelekeza afikie kwa mama yangu, amwambie ametoka kwangu. Nikampa sukari kilo mbili, sabuni, chumvi na majani ya chai ampelekee. Nikampa na sharti moja. Kielezi chochote nitakachokikuta kwenye rasimu mpya, nitamwuliza nani alimwambia. Akikosa wa kumtaja, nakikata, hata kama kimekaa vizuri namna gani.

Alikaa huko siku kumi na mbili. Mara mbili alinitumia ujumbe, mara ya kwanza kuniambia mvua imeanza, mara ya pili kuniambia kwamba wazee walimtambua. Huyu si yule mmenya ndizi? Na kwa sababu alikuwa yule mmenya ndizi hakuna aliyemfungia mlango. Walimpeleka kwenye matuta yao mmoja mmoja, hata wale ambao kwa kawaida wakiona mtu ana karatasi wanakumbuka ghafla kwamba mbuzi amekata kamba.

Aliporudi aliingia chumbani kwangu na matope hadi kwenye vifundo, kiganja kimefanya sugu, na mzigo kutoka kwa mama, mkungu wa ndizi na magome ya mdalasini yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Chumba kizima kikanukia nyumbani. Siku tatu zilizofuata aliandika hapohapo kwenye kiti changu cha pili, akanipa karatasi Alhamisi asubuhi. Kukabidhi ilikuwa Ijumaa.

Kiingereza chake kilikuwa kimeharibika. Nasema kweli. Yale mambo ya kubuni yalikuwa yamelala vizuri kama kitanda cha hoteli, lakini haya ya kweli yalikuwa na miiba. Tuta la mzee mmoja lilibomolewa na ng'ombe wa mwanawe mwenyewe, kwa makusudi, baada ya ugomvi wa mgawo wa shamba. Mama mwingine anatengeneza matuta yake kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulivunjika na ukaunga vibaya. Sentensi zilijikunja, vielezi vikateleza hadi mkiani. Nilifungua kalamu yangu ya kijani nikafanya kazi kwa furaha kubwa. Deliberately nikaisogeza katikati. Poorly nikaiweka kabla ya kitenzi chake. Kila nilipouliza nani alikwambia, alikuwa na jibu, na mara nyingine jibu lilikuja na jina la mbwa wa nyumba hiyo. Mchana nikamwambia aende akale, nami nikaendelea peke yangu.

Mhojiwa wa tisa. Mwanamke, mjane, anaishi juu kabisa ya kijiji. Ana midalasini mitatu nyuma ya nyumba. Mtoto mmoja, yuko mjini. Kijijini kwetu wajane wenye mtoto mmoja na midalasini mitatu siwajui wawili. Chini yake iliandikwa: The respondent is seldom visited by her only child, and the upper terraces have been abandoned. Mhojiwa hutembelewa kwa nadra na mwanawe wa pekee, na matuta ya juu yametelekezwa.

Cha kwanza kilikuwa hasira. Nilitaka kumpigia simu huyo binti nimwulize kama hii ndiyo shukrani, mtu nimemwokoa asizame, nimempa na mahali pa kulala. Kisha ikaja haya, ikanipanda kutoka miguuni. Nikatafuta kosa. Nilitafuta kwa macho ya kazi, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na halikuwepo. Seldom ilikuwa katikati ya maharusi, imenyooka, inatabasamu. Miaka yote hii nafundisha watu jambo hilo, na huyu alikuwa ameelewa barabara.

Ilikuwepo njia moja. Sentensi ya kutendwa ina huruma yake. Unaweza kumtoa mtendaji mlangoni na nyumba isitikisike. Ukikata maneno by her only child, kinachobaki ni Kiingereza kamili kabisa: mhojiwa hutembelewa kwa nadra. Na nani? Msomaji ajaze mwenyewe, labda majirani, labda wajukuu wa ndugu. Hakuna ambaye angejua, na binti asingethubutu kuuliza. Niliweka ncha ya kalamu juu ya lile neno by. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi nilikuwa naona kwa nini.

Sikukata. Si kwa wema. Nilishikwa na sharti langu mwenyewe. Kielezi kina mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa na namba yake ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sukari ilifika. Yule mtoto ana adabu, amenipalilia na mihogo."

"Mama, alikuuliza habari zangu?"

"Hakuuliza habari zako. Aliuliza matuta ya juu yamekuwaje. Nikamwambia nguvu zimeniishia na mtoto haji."

"Ulimwambia naja mara chache."

Nilisikia kuku wake, na mtu akitwanga mbali.

"Mara chache? Hapana. Nilimwambia haji. Hayo ya mara chache ameyatia yeye, labda alikuonea haya."

"Mama, si nilikuja juzijuzi tu? Msiba wa mjomba? Tulijifunika khanga moja!"

"Ulikuja kwa mjomba wako," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kwangu hukuja. Nyumba yangu unaijua ilipo."

Tukaongea na mambo mengine, mvua, bei ya ndizi, goti lake, kisha tukaagana. Nikabaki nimekaa. Niliumia, naandika hivyo hivyo, niliumia kama mtu aliyepigwa na anayempenda. Miaka sita nilikuwa sijafika mlangoni kwa mama yangu, na kila mara nilikuwa nimetuma kitu. Nilituma sukari, nilituma dawa ya goti, nilituma na simu yenyewe tuliyoongelea. Na binti niliyemkaripia kwa kutunga wahojiwa thelathini alikuwa amekwenda akasikia ukweli kwa masikio yake, akarudi nao, na katika tasnifu nzima akatunga neno moja tu, la kunifunika mimi.

Alikuja jioni kuchukua kazi. Alifunua kurasa harakaharaka, akafika pale, akasimama. Nilikuwa nimekata seldom kwa kijani, na juu yake nimeandika not. Mhojiwa hatembelewi na mwanawe wa pekee.

"Madam, hii..."

"Nani alikwambia seldom?"

Akainamisha kichwa. "Hakuna."

"Basi."

"Lakini Madam, iliyobaki ni kali mno. Na kama ukienda? Ukienda itakuwa si kweli."

"Uliandika ulichokikuta. Nikienda, aje mwingine aulize upya. Wewe kabidhi kazi yako."

Akakabidhi Ijumaa kabla ya saa sita. Jina lake liliingia kwenye orodha, na siku ya mahafali wanawake wa Dumila waliteremka kumi na mmoja na kitenge chao, wakapiga vigelegele mpaka mgeni rasmi akasimamisha hotuba. Mimi nilikuwa nimealikwa, nikakaa nao, wakanilisha karanga.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumamosi ile, kesho yake baada ya kukabidhi, nilifunga chumba bila kumwambia mtu. Sikumpigia mama simu, kwa sababu ningempigia ningepata na sababu ya kuahirisha. Nilipanda basi hadi Matombo, nikachukua bodaboda hadi njia ilipokatika, nikapanda iliyobaki kwa miguu, nikipumzika kila kona na kujifanya natazama mandhari. Sikubeba sukari. Sikubeba chochote.

Mama alikuwa juu ya nyumba, kwenye tuta la kwanza ambalo bado anaweza kulifikia, ameinama na jembe lake fupi. Aliponiona natokea kwenye migomba alinyooka, jembe likamtoka mkononi, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekuja tu. Akaniangalia, akaangalia njia nyuma yangu kama yuko mwingine anayeleta habari. Nikarudia, mama, hakuna msiba, nimekuja kwako. Hakuniamini mpaka nilipokaa kwenye ukingo wa tuta na kuvua viatu.